Ng'ombe wa Unga

Sogeeni karibu na jiko, lakini si karibu mno. Mwenye tope mikononi akanawe kwanza, maana hadithi ya leo haisikilizwi kwa masikio peke yake. Itafika mahali nitawaambia mkande, na mkono mchafu utaniharibia hadithi.

Mahali penyewe ni Itumbe, katika Kaunti ya Kisii. Huko ni vilima juu ya vilima, na majani chai yamepandwa mpaka kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huipanda kwa tahadhari. Asubuhi wachumaji huingia shambani na vikapu mgongoni, wakachuma majani mawili na chipukizi lake, na mzigo huo huishia katika Kiwanda cha Chai cha Itumbe. Nyuma ya nyumba kuna migomba. Mvua haikatiki muda mrefu, na udongo ni mwekundu, wa kunata. Ukivuka shamba na viatu vyeupe, ng'ambo utafika na viatu vya rangi nyingine. Udongo huo muuweke akilini. Tutauhitaji.

Katika nyumba moja huko, ambayo nimeijenga mimi mwenyewe kwa maneno, kwa hivyo msiende kuitafuta, aliishi msichana wa Gredi ya Pili pamoja na ndugu yake mdogo na magokoro wao, yaani nyanya. Jumatano moja msichana alirudi kutoka shuleni na agizo: Ijumaa watafinyanga wanyama wa nyumbani, kila mtoto aje na plastisini yake.

Agizo la aina hiyo si geni kwenu. Tangu mtaala wa umilisi ulipoingia madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, watoto hukata, hubandika, hupaka rangi na kufinyanga, na wazazi wamejikuta wakitafuta gundi na karatasi za manila saa mbili usiku. Wapo wanaonung'unika, na siwalaumu. Ila kwa habari ya kufinyanga mimi ni mtetezi. Mtoto akichora ng'ombe, huchora ubavu mmoja, kazi ikaisha. Akimfinyanga, lazima ajiulize: upande wa pili ukoje? Mkia unaanzia wapi hasa? Tumbo linaning'inia kiasi gani? Watu wazima wengi wameishi na ng'ombe miaka hamsini bila kujiuliza.

Hiyo plastisini nayo ina asili yake. Mwaka 1897 mwalimu wa sanaa aitwaye William Harbutt, katika mji wa Bath huko Uingereza, alichoshwa na udongo wa darasani. Ulikuwa mzito na ulikauka kabla wanafunzi wake hawajamaliza kazi. Akatengeneza kitu cha kufinyangia ambacho hakikauki, kwa sababu kilichokilainisha hakikuwa maji bali mafuta. Akakiita Plasticine, na kufikia mwaka 1900 alikuwa na kiwanda kizima katika kijiji cha Bathampton. Maji hupaa hewani, mafuta hayapai. Siri ni hiyo tu. Ndiyo maana plastisini ya mwaka jana bado inafinyangika mwaka huu, ingawa kufikia wakati huo rangi zote zimechanganyika zikawa moja, ile ya matope, ambayo hakuna dukani anayeiuza.

Dukani, Jumatano hiyo, plastisini zilikuwa zimeisha.

"Magokoro," msichana akaanza, "naomba unga kidogo."

"Wa kupika nini?"

"Si wa kupika. Ni wa kufinyangia. Unga na chumvi na maji. Wenzangu wanasema inakuwa laini kuliko ya dukani."

Magokoro alikuwa akichambua mboga za chinsaga. Hakuinua kichwa. "Mjukuu wangu, chakula hakichezewi."

Nawajua ninyi. Mnangoja nimgeuze magokoro awe mkaidi wa hadithi. Simgeuzi. Kikombe kimoja cha unga wa ngano ni chapati mbili, pengine tatu, na kuna nyumba ambazo chapati ni za Krismasi na za wageni. Kama unga uliopo ni wa chakula cha jioni, basi ni wa chakula cha jioni, na mazungumzo yameisha. Nitawaonyesha baadaye njia nyingine isiyogusa mtungi wa unga kabisa.

Lakini katika nyumba hii palikuwa na pakiti iliyokaa sana kabatini, na wadudu walikuwa wameitangulia. Unga wa namna hiyo hakuna anayeuonea hamu. Magokoro aliuchungulia, akaunusa, akauchekecha. Alinusa kwa sababu maalumu. Unga wenye wadudu unaweza kufinyangwa. Unga wenye kuvu, ule wenye harufu ya unyevunyevu na madoa, usiguswe hata kwa mchezo. Kuvu huacha sumu iitwayo sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu zaidi ya 100 katika sehemu za Ukambani. Pua ya magokoro ilikuwa ikifanya kazi ya maabara.

"Huu chukua," akasema. "Lakini kwanza niambie, kwa nini ngano? Unga wa mahindi upo, wa wimbi upo. Wimbi ndio chakula cha watu wa hapa tangu zamani. Kwa nini usifinyange wimbi?"

Swali zuri. Msichana hakuwa na jibu, akafanya kinachofaa kufanywa na asiye na jibu: alijaribu. Magokoro alimpa kijiko kimoja cha kila unga, akatia maji kidogo kidogo, akakanda vidonge vitatu. Cha mahindi kilipasuka alipokibonyeza. Cha wimbi, cha rangi ya kahawia nzuri, alikivuta ili kiwe mkia wa ng'ombe, kikakatika. Cha ngano kilivutika, na kilipoachwa kikajikunja nyuma kidogo, kama kwamba hakikupendezwa.

Ndani ya ngano kuna protini mbili ambazo zikikutana na maji na kukandwa hushikana na kuwa wavu mwembamba unaovutika. Wavu huo huitwa gluteni. Mahindi hayana, wimbi hauna. Chembe zao hukaa pamoja kwa muda tu, na mkono ukilazimisha zinaachana. Msichukue neno langu. Chukueni kidonge cha unga wa ngano uliokandwa vizuri, kishikeni ndani ya bakuli la maji baridi, mkiminye polepole. Maji yatakuwa meupe: huo ni wanga ukitoka. Badilisheni maji, endeleeni kuminya. Mwishoni mtabaki na kitu kidogo cha kijivu, kinachonata na kurefuka mkikivuta. Gluteni hiyo, imeshikwa kwa vidole. Wasichana na wavulana wengi niliowaonyesha jambo hili walitaka kulifanya tena papo hapo, na si wote walikuwa na ruhusa ya kutumia unga zaidi.

Ngano haistawi Itumbe. Hutoka Narok, Uasin Gishu na penginepo penye mashamba mapana, na nyingine huja kwa meli kutoka nje. Chumvi nayo imesafiri mbali. Kule Gongoni na Marereni, katika Kaunti ya Kilifi, maji ya Bahari ya Hindi huingizwa katika madimbwi mapana ya kina kifupi, jua likayakausha, chumvi ikabaki chini. Kwa hivyo donge la msichana wa Itumbe lilikuwa na shamba la mbali na bahari ndani yake, kabla hata halijapata rangi.

Sasa pimeni. Kikombe chochote kinafaa mradi msibadilishe katikati ya kazi. Unga wa ngano kikombe 1. Chumvi nusu kikombe, ndiyo, nusu nzima. Magokoro alipoona hivyo alishika kiuno. Maji kikombe 1. Mafuta ya kupikia kijiko 1 cha mezani. Maji ya limau vijiko 2 vya mezani. Changanyeni vyote katika sufuria ikiwa bado baridi, mpaka kusiwe na madonge, na mchanganyiko utaonekana mwepesi mno, uji mtupu. Msiogope wala msiongeze unga. Moto utaurekebisha.

Moto ni wa mtu mzima. Hapa sitaki ubishi. Donge linapoanza kuiva huwa zito na hushikilia joto kwa muda mrefu, na likirukia mkono halidondoki kama maji, linaganda hapo hapo likiendelea kuunguza. Mtu mzima asonge, ninyi mtazame.

Na kwa kutazama mtaona kitu mnachokijua. Kwa dakika moja au mbili hakuna kinachotokea. Halafu chini ya sufuria kunaanza kuwa na mabonge, mwiko unakuwa mzito, na ghafla kile kilichokuwa uji kinaachana na kuta za sufuria na kuuzunguka mwiko. Ni kazi ile ile ya kusonga ugali, na sababu ni ile ile. Wanga wa ngano umo ndani ya chembe ndogo mno, na joto likifika karibu nyuzi 60 chembe hizo hunywa maji, huvimba na kulainika, mpaka maji yote yamepata mahali pa kukaa. Katika nyanda za juu za Kisii maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini donge letu halihitaji kuchemka, kwa hivyo vilima havitudhuru. Likiacha kung'aa na kuonekana bichi, lipakueni juu ya sinia, lifunikeni, lisubirini lipoe. Kisha ndipo mikono safi niliyoiomba mwanzoni iingie kazini. Kandeni mpaka liwe nyororo. Likinata, nyunyizeni unga kidogo. Likipasuka, lowesheni mikono maji.

"Na hiyo chumvi yote?" magokoro aliuliza. "Hata nyama ya kukausha haitiwi hivyo."

Alikuwa amegusa jibu bila kujua. Kuvu na bakteria huhitaji maji ili waishi, na chumvi nyingi huyashika maji yote kiasi kwamba wao hawapati ya kwao. Ndiyo maana samaki wa kukaushwa kwa chumvi haozi upesi, na ndiyo maana donge hili hukaa wiki kadhaa mahali ambapo unga wa chapati ungechacha kesho yake. Limau linaongeza uchachu ambao kuvu haiupendi. Mafuta yanazuia donge lisigande vidoleni. Halafu chumvi ina kazi nyingine ambayo haiandikwi katika maelekezo mengi: ndugu mdogo akionja, haonji mara ya pili. Yule wa hadithi yetu alionja. Uso wake ulikunjamana, akakimbilia mtungi wa maji, na hakuna aliyehitaji kumkanya.

Kuna watu watawaambia kwamba donge la namna hii lilibuniwa na kiwanda fulani cha Marekani. Ukweli una masizi ndani yake, na watoto wanaopikiwa kwa kuni watauelewa kuliko wengine. Katika mji wa Cincinnati kulikuwa na kampuni iitwayo Kutol, iliyotengeneza ute mzito wa unga, maji na chumvi wa kusafishia kuta. Nyumba za Wamarekani wakati huo zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, kuta zilibandikwa karatasi za mapambo, na masizi yalizikaa. Karatasi haioshwi kwa maji. Basi mtu aliviringisha donge la Kutol ukutani, likazoa masizi. Kisha baada ya Vita Vikuu vya Pili watu wakahamia gesi na mafuta, masizi yakapungua, na karatasi mpya za ukutani zikawa za kuoshwa kwa maji na sabuni. Kampuni ikabaki na donge lisilo na kazi.

Aliyeiokoa ni mwalimu wa chekechea, Kay Zufall, shemeji wa mmoja wa wenye kampuni, Joseph McVicker. Katikati ya miaka ya 1950 aliwapa watoto wake wa chekechea donge hilo la kusafishia kuta, wakafinyanga mapambo ya Krismasi. Watoto wakalipenda kuliko udongo mgumu wa shuleni. Dawa ya kusafishia ikaondolewa, harufu nzuri ikatiwa, na mwaka 1956 likaanza kuuzwa kwa jina la Play-Doh, jina ambalo Zufall na mumewe ndio waliolipendekeza. Mwanzoni lilikuwa na rangi moja tu, nyeupe iliyofifia. Nyekundu, buluu na manjano zilifuata.

Msichana wetu pia alikuwa na rangi moja, nyeupe iliyofifia, na ng'ombe weupe watupu hawakumridhisha. Hapa ndipo Itumbe inashinda Cincinnati.

Chai ilikuwepo. Alichemsha majani mengi katika maji machache mpaka yakawa meusi, akachuja, akayaacha yapoe na kuyatumia badala ya maji ya kawaida katika donge la pili. Lilitoka kahawia, rangi halisi ya ng'ombe wa kienyeji. Jani la chai likiwa shambani ni kijani. Kiwandani hunyaushwa na kukatwakatwa, hewa ikaingia katika majimaji yake, na kwa muda mfupi likageuka rangi ya shaba kabla ya kukaushwa. Rangi hiyo ndiyo tunayoinywa. Ila limau huififisha chai, kama ajuavyo yeyote anayekunywa ya limau, kwa hiyo anayetaka kahawia nzito aongeze majani.

Bizari ya manjano haina shida, kijiko kidogo kinatosha, na hubaki kwenye kucha mpaka Jumapili. Bitiruti ikikunwa na kukamuliwa hutoa waridi nzuri, hasa palipo na limau, lakini jua huichuja baada ya siku chache. Mkaa uliosagwa laini hutoa kijivu na nyeusi, na huharibu nguo. Vaeni nguo za shambani. Kijani ndicho kinachosumbua. Mtadhani sukumawiki itafaa. Ikamuliwe, itiwe, na mwanzoni mtafurahi. Kisha uchachu wa limau utaanza kuila rangi ile ya majani, na kesho yake mtakuwa na ng'ombe wa rangi ya sare za askari. Kama mnataka kufinyanga majani ya mgomba, nunueni rangi ya keki, au mkubali kwamba ni majani makavu.

Kabla hatujaiacha bizari, wekeni kidogo katika kisahani, tieni matone ya maji, kisha chembe ya magadi, ile ile magokoro anayotilia mboga ngumu. Manjano itageuka nyekundu iliyoungua. Dondosheni limau juu yake, itatoa povu na kurudi manjano. Huhitaji maabara kuwaambia kipi ni asidi na kipi ni kinyume chake, kisahani kimesema. Ndani ya donge lenyewe jambo hili halifanyiki vizuri kwa sababu limau tayari limo, kwa hivyo lifanyeni pembeni.

Ijumaa ikafika. Msichana alikwenda na madonge yake ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, la kahawia na jeupe, na akagawa kwa wenzake ambao mikebe yao ilikuwa mitupu. Sasa wakaingia katika kazi yenyewe, na kazi yenyewe ni ngumu kuliko kusonga.

Kosa la kwanza la kila mfinyanzi mdogo ni miguu. Anatengeneza mwili mnene, anabandika miguu minne myembamba, anamsimamisha ng'ombe, na ng'ombe analala. Kuna dawa tatu. Mnaweza kumfinyanga akiwa amelala anacheua, na hakuna mwalimu atakayekataa, kwa kuwa ng'ombe hutumia saa nyingi za siku hivyo. Mnaweza kuifanya miguu minene na mifupi. Au mnaweza kuweka kijiti kikavu ndani ya kila mguu kiingie hadi mwilini. Kuhusu kubandika: msigandamize tu sehemu mbili na kuondoka. Kwaruzeni pande zote mbili kwa kijiti, pakeni maji kidogo, sukumeni zikutane, kisha lainisheni mshono kwa kidole. Wafinyanzi wa vyungu hufanya vivyo hivyo, na mpini wa chungu usiokwaruzwa hubaki mkononi chungu kikiwa kimeanguka.

Kisii ina sanaa nyingine iliyo kinyume kabisa na hii. Kule Tabaka, katika kaunti hii hii, watu huchimba jiwe laini, la rangi nyeupe, waridi na kijivu, lenye madini ya talki ndani yake, laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu. Mchongaji huanza na jiwe kubwa na kuondoa. Akishaondoa pembe ya kifaru kwa bahati mbaya, pembe imekwenda, na kifaru huyo atakuwa kiboko. Kisha jiwe hulowekwa na kusuguliwa kwa msasa, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na wanawake, mpaka ling'ae. Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko huko Tabaka, ana sanamu ya ndege katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na ndege huyo alianza akiwa jiwe la Kisii.

Mfinyanzi huongeza. Pembe ikivunjika, anabandika nyingine. Ndiyo sababu napenda watoto waanze na donge kabla ya jiwe: linawapa ruhusa ya kubadilisha mawazo. Wajaluo, majirani zetu wa upande wa ziwa, wana wanawake wafinyanzi ambao huinua chungu kikubwa kwa kuzungusha vigogo vya udongo kimoja juu ya kingine, bila gurudumu lolote, na zamani vyungu vyao vilipanda vilima hivi vikibadilishwa kwa nafaka za Wagusii, wenyeji wa Kisii. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, huinua vyombo vyake kwa mkono namna hiyo hiyo, bila gurudumu, na British Museum huko London inavyo.

Vyombo hivyo ni vya udongo, wala si vya unga. Niliahidi njia isiyogusa mtungi wa unga, na hii ndiyo: udongo, ule niliowaomba muuweke akilini. Nendeni kingo za mto pamoja na mtu mzima, chimbeni chini ya udongo wa juu wenye mizizi, tafuteni ule mzito unaoteleza. Uviringeni uwe kijiti chenye unene wa kidole, mkipinde kuzunguka kidole kingine. Kikipinda bila kupasuka, mmepata. Kikipasuka, kina mchanga mwingi, tafuteni tena. Udongo wa kichuguu pia ni mzuri, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchagua na kuusaga, ila waombeni ruhusa wenye shamba na muwaogope siafu. Toeni mawe na majani, tieni maji, kandeni kwa kupiga juu ya bamba la mti mpaka hewa itoke. Hautagharimu hata shilingi. Mimi, kusema kweli, kwa mtoto wa miaka saba na kuendelea ningechagua udongo kila mara. Donge la unga ni kwa wadogo, kwa siku za mvua ambapo mto hauendeki, na kwa wale ambao mama zao wamesafisha nyumba asubuhi ile.

Na Itumbe mvua haziishi, jambo linaloleta tatizo la kukausha. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Sanamu ya unga iliyokauka kabisa Jumatatu inaweza kulainika Jumatano ya mvua, na mliyemwacha amesimama mkamkuta amepiga magoti. Anayetaka kuhifadhi asitumie donge la kupika bali lile la baridi: unga vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kidogo kidogo mpaka ukandike, bila mafuta wala limau. Sanamu iwe nyembamba, isizidi unene wa kidole, maana nene hukauka nje ndani kukiwa bado maji, na kinachofuata ni nyufa. Ianikeni juani mkiigeuza, au darini juu ya jiko la kuni ambako mahindi ya mbegu hukaa makavu. Ikikauka, ipakeni rangi, kisha vanishi pande zote, hata chini, chini ndiko watu husahau.

Donge lisilotumika lirudi mkebeni, kifuniko kikibanwa. Likitoa maji na kuwa la utelezi, limevuta unyevu. Likandeni na unga kidogo. Likitoa harufu au madoa, mwisho wake umefika, na hapa nataka masikio yote, kwa kuwa ndipo watoto wema hufanya madhara bila kukusudia. Msimtupie mbwa. Mbwa hupenda harufu ya unga, atameza lote, na chumvi iliyomo inaweza kumfanya atapike, atetemeke, hata afe. Kuku vivyo hivyo, nao hawawezi kustahimili chumvi nyingi. Msilitupe kwenye kitalu cha sukuma, kwa sababu chumvi itakausha miche. Liende katika shimo la takataka, lifukiwe.

Sufuria ioshwe mara tu donge linapotoka. Anzeni kwa maji baridi na si moto, kwa kuwa maji moto huuivisha wanga uliobaki ukashika zaidi. Ijazeni, iacheni iloweke, kisha kwangueni kwa kijiko cha mti. Mwiko nao msiusahau chini ya benchi kama alivyofanya yule ndugu mdogo. Magokoro ataudai kabla ya saa kumi na mbili, na obokima, yaani ugali, hausongwi kwa mkono.